Kesho ya Zamani: Namna ya Kumvalisha Mhusika wa Bunilizi ya Kisayansi Anayetoka Same

Chukua penseli na karatasi. Mchore mtu anayeishi Same mwaka 2060. Amevaa nini?

Kuna majibu mawili yanayokuja haraka. La kwanza ni suti nyeupe ya mwanaanga kama tulivyoizoea kwenye filamu za Marekani. La pili ni shuka nyekundu, shanga na mkuki unaotoa mwanga, kwa sababu ndivyo dunia ilivyozoea kuichora Afrika ya baadaye. La kwanza linasema kesho ni ya wengine, sisi tutaazima tu nguo. La pili linamvalisha Mpare nguo za jirani yake Mmaasai, halafu linaita hiyo "utamaduni".

Makala hii inatafuta jibu la tatu. Tutapitia sayansi kidogo ya macho, ya rangi na ya hali ya hewa, na tutaifanyia kazi kwenye aina moja ya mchezo wa kompyuta ambayo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitengeneza mwenyewe: riwaya ya picha.

Riwaya ya picha ni kitu gani?

Ni mchezo ambao kazi yako kubwa ni kusoma. Kwenye skrini kuna picha ya mahali, mbele yake amesimama mhusika anayeonekana kuanzia kiunoni, na chini kuna kisanduku cha maneno. Mara kwa mara unaulizwa uchague: umwambie ukweli, au unyamaze? Hadithi inageuka kulingana na jibu lako.

Aina hii ilikulia Japani miaka ya 1980. Leo programu ya bure iitwayo Ren'Py, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, inakuwezesha kutengeneza mchezo wa namna hii hata wa kuchezwa kwenye simu. Na usidhani ni mambo ya nchi tajiri pekee. VA-11 Hall-A, mojawapo ya riwaya za picha zilizopendwa sana kwa mtindo wa kizamani, ilitoka mwaka 2016, na waliotengeneza ni vijana wa Venezuela.

Sasa angalia: mhusika hakimbii, harushi ngumi, mara nyingi hata hageuki. Anasimama pale na anakutazama. Kwa hiyo kila kitu ambacho filamu ingekisema kwa mwendo, hapa kinasemwa na umbo, rangi na nguo. Ndiyo maana katika mchezo wa aina hii, anayechora vazi naye ni mwandishi wa hadithi.

Kesho ya zamani ilikuwa ya nani?

"Kesho ya zamani" ni mtindo wa kuchora wakati ujao kama watu wa zamani walivyouwaza: roketi zenye mapezi, kompyuta zenye taa zinazomweka, redio zenye vitufe vikubwa. Kwa kawaida zamani hiyo huwa ya Tokyo au California. Lakini Afrika Mashariki tulikuwa na ya kwetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia wanasayansi kukitambua Cygnus X-1, mojawapo ya vitu vya kwanza kabisa kuaminiwa kuwa ni shimo jeusi. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1966, tamthilia ya Star Trek ilikuwa imempa afisa wake wa mawasiliano jina la Uhura, lililotokana na neno hilohilo.

Na hadithi zilizosimuliwa kwa picha? Tulikuwa nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la African Film, la kampuni ya Drum, lilimleta mpelelezi Lance Spearman kwa picha za kupiga zenye maneno ndani ya vibonzo, na lilisomwa sana huku kwetu. Dar es Salaam, Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo, alianzisha jarida lake la namna hiyo, Film Tanzania. Kwa Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994 tu, karatasi ndiyo iliyokuwa skrini.

Kwa hiyo ukiamua kuchora Same ya mwaka 2060 kama ilivyowazwa mwaka 1970, huhitaji kukopa zamani ya mtu. Unayo reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 na inayopita Same. Unayo mashamba ya mkonge tambarare. Unazo kanga za kiwanda cha Urafiki, kilichoanza mwaka 1968. Unayo hata setilaiti yenye jina la nyumbani.

Kanuni ya kwanza: mzime taa, bado umjue

Tuanze na jicho. Mwaka 1996 Simon Thorpe na wenzake huko Toulouse, Ufaransa, waliwaonyesha watu picha kwa sehemu 20 tu za elfu za sekunde, na kuwauliza: kuna mnyama au hakuna? Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba kufikia sehemu 150 za elfu za sekunde, ubongo ulikuwa tayari umetofautisha. Yaani kabla hujamaliza kupepesa jicho, hukumu imeshapita.

Katika muda huo mfupi hakuna anayehesabu vifungo vya koti. Jicho linashika mambo makubwa: umbo la nje, na wapi kuna giza na wapi kuna mwanga. Ndiyo maana wachoraji wana jaribio moja rahisi. Mpake mhusika wako rangi nyeusi mwili mzima, abaki kivuli. Kisha mpunguze mpaka awe na ukubwa wa ukucha. Bado anajulikana? Lance Spearman angefaulu: kofia yake na sigara yake vinatosha.

Mfano mzuri zaidi uko nje kidogo ya mji wa Same, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambako mbwa mwitu wamekuwa wakizalishwa na kurudishwa porini. Kila mbwa mwitu ana mabaka yake asiyofanana na mwenzake, na watafiti huwatambua mmojammoja kwa mabaka hayo. Lakini angalia mpangilio: kwanza unajua kwamba ni mbwa mwitu kwa masikio yake makubwa ya mviringo, na hapo ndipo unajua ni *yupi* kwa mabaka. Umbo linatangulia, mapambo yanafuata. Mchoraji anayeanza na mapambo amejenga nyumba kwa kuanzia na pazia.

Rangi 16 na hesabu ya mkeka

Sura ya kizamani ya riwaya nyingi za picha ilitokana na uhaba. Kompyuta za PC-98 za kampuni ya NEC, zilizotawala Japani miaka ya 1980, zilikuja kuwa na uwezo wa kuonyesha nukta 640 kwa 400, na kwa wakati mmoja rangi 16 tu, ulizochagua kutoka rangi 4,096.

Tupige hesabu. 640 mara 400 ni nukta 256,000. Kutofautisha rangi 16 unahitaji biti 4 kwa kila nukta. Jumla ni biti 1,024,000, sawa na bayti 128,000. Picha ya leo ya nukta 1,920 kwa 1,080, yenye bayti 3 kwa kila nukta, ni bayti 6,220,800 kabla ya kubanwa. Ni karibu mara 49! Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo si historia tu, ni hoja. Mtindo wa rangi chache unaweza kuufanya mchezo wako uwe mwepesi wa kupakua na uende vizuri hata kwenye simu ya bei ndogo.

Lakini rangi 16 zinatoshaje uso, anga, mlima na nguo? Kwa ujanja ambao kila msusi wa mikeka anaujua. Ukisuka ukindu mwekundu na mweupe kwa kupishanisha, ukisogea mbali jicho linaona waridi. Wachoraji wa PC-98 walipishanisha nukta za rangi mbili, na jicho likatengeneza ya tatu ambayo kompyuta haikuwa nayo.

Jicho lina tabia nyingine ya kuijua. Karne ya 19 mkemia Michel-Eugène Chevreul, msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins jijini Paris, alipokea malalamiko kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni hafifu. Alipochunguza aligundua kwamba rangi haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa jirani yake. Rangi huonekana tofauti kulingana na kilichowekwa pembeni, na mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Kwako maana yake ni hii: usichague rangi ya vazi kwenye karatasi nyeupe. Ichague juu ya udongo mwekundu wa Same, au juu ya kijani kizito cha msitu wa Chome, kulingana na mahali mhusika atakaposimama.

Ngozi: hapa ndipo wengi huharibu

Hebu fikiri una nafasi 16 za rangi. Anga imechukua tatu, mimea tatu, chuma mbili, maandishi mbili. Zimebaki sita kwa watu na nguo zao. Ukitoa moja tu ya kahawia kwa ngozi, kila uso utakuwa kama umekatwa kwenye boksi: hauna mashavu, hauna uchovu, hauna aibu. Na mchezo wenyewe ni wa nyuso!

Hili si tatizo la kompyuta pekee. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikiwa sawa, picha ilihesabiwa kuwa sawa. Wenye ngozi nyeusi walitoka wakiwa macho na meno tu, na lawama akatupiwa mpiga picha.

Fizikia inasema nini? Mwanga ukigonga ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, karibu asilimia 4 unapoipiga ngozi wima, huruka hapohapo juu kama kwenye kioo. Nyingine huingia ndani, hutawanyika, na baadhi yake hutoka tena ikiwa imebeba rangi ya ngozi. Melanini hupunguza hiyo inayotoka ndani, lakini ile inayoruka juu haibadiliki sana. Ndiyo maana kwenye ngozi nyeusi mng'ao wa paji la uso, pua na shavu huonekana kwa nguvu zaidi ukilinganisha na sehemu nyingine za uso.

Kwa hiyo usiichore ngozi nyeusi kwa kuongeza giza. Ichore kwa kuweka mwanga. Tenga rangi nne: ya kivuli iliyoegemea zambarau au buluu, mbili za katikati, na moja ya mng'ao. Mng'ao huo uchukue rangi ya taa iliyopo: ya dhahabu kwa kibatari, nyeupe ya baridi kwa skrini. Rangi ya kivuli unaweza kuitumia tena kwenye milima ya usiku. Nafasi ni 16, lakini kila moja inaweza kushika kazi mbili.

Vazi ni jibu la swali la hali ya hewa

Kabla ya kuuliza "ipi inapendeza?", uliza "inamkinga na nini?"

Same mjini iko karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Shengena kiko mita 2,463. Kwa kawaida joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya stendi na kilele kuna tofauti ya nyuzi 10 hivi. Pia upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi. Unapanda milima upande wa mashariki, unapoa, unamwaga mvua, na ukifika upande wa Same umebaki mkavu. Ndani ya safari ya siku moja mhusika wako anatoka kwenye vumbi na mbigili, anaingia kwenye ukungu. Hapo hapo una vazi: tabaka la juu linalovuliwa, kitambaa cha kuziba pua kinachogeuka kuwa skafu, viatu vya soli nene.

Na kama anakwenda angani? Usiogope cherehani. Suti walizovaa wanaanga wa Apollo mwezini zilishonwa na ILC, kampuni iliyotokana na watengenezaji wa sidiria za Playtex. Washonaji, wengi wao wanawake, waliunganisha tabaka hadi 21 kwa mashine za kushonea, na kosa la mshono lilipaswa kuwa chini ya milimita moja. Kumbe yule fundi wa barazani anayepima kwa tepu shingoni ana ndugu zake kwenye historia ya anga. Katika kesho yetu ya zamani, suti ya anga yenye mshono unaoonekana, kamba za katani na kiraka cha kitenge haina haja ya kuchekwa. Kihandisi inaaminika.

Tuwavalishe watatu

Tujaribu. Hadithi yetu ni ya maji, maana Same huwezi kuikwepa hoja hiyo. Filamu fupi ya Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, tayari ilionyesha Afrika Mashariki ya baadaye inayopima maji kwa tone. Sisi Upareni tuna teknolojia yetu ya kuanzia: ndiva, mabwawa yaliyochimbwa kwa mikono, ambayo hujazwa na vijito usiku na kufunguliwa mchana, maji yakashuka kwa mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Je, zamu hiyo ikiendeshwa na mashine, nani atashika ufunguo?

*Mlinzi wa ndiva.* Mama wa makamo. Umbo lake ni mstari mrefu: fimbo ya kupimia kina cha maji, imepita juu ya kichwa chake. Amejifunga kanga juu ya ovaroli. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno. Katika mchezo wa kusoma, hiyo ni zawadi. Anaweza kunyamaza kwenye kisanduku cha maneno, na kanga yake ikajibu: ZAMU HAINA MKUBWA. Sura nyingine, kanga nyingine. Mchezaji makini atajua amekasirika kabla hajafungua mdomo.

*Mhunzi.* Historia ya Upare iliyoandikwa na Isaria Kimambo mwaka 1969 inaeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Ugweno kiliuzwa hadi Uchagani. Kwa hiyo mtengeneza mitambo wetu hatoki hewani. Umbo lake ni mraba: mabega mapana, aproni ya ngozi, mfuko wa hewa mgongoni unaofanana na mivukuto. Rangi yake ni chuma na makaa, na nukta chache za rangi ya chungwa.

*Afisa wa mita.* Ametumwa na Kampuni kufunga mita kwenye ndiva. Suti nyeupe isiyo na mshono hata mmoja, kofia ya kioo. Mahali penye vumbi jekundu, mtu asiyechafuka ni mtu ambaye mtu mwingine anamfulia. Huhitaji kumpa kovu wala kicheko kibaya. Weupe unatosha kuuliza maswali. Na kadiri hadithi inavyosonga, ukitaka abadilike moyo, mwache achafuke kidogo kidogo kuanzia kwenye viatu.

Ona kwamba hakuna hata mmoja aliyevaa shuka nyekundu. Ruth E. Carter alipochanganya mavazi ya Wamaasai, Waturkana, Wahimba na wengine kwa ajili ya Black Panther, kazi iliyompa Oscar mwaka 2019, alikuwa anaivalisha nchi isiyokuwepo kwenye ramani. Same ipo. Wamaasai pia wapo wilayani, na ukimchora mmoja wao mvalishe yaliyo yake, kwa sababu ni yeye. Vilevile misitu ya mila ya Wapare ina alama na mambo ambayo si mapambo. Kabla ya kuyabandika kwenye koti la mhusika, nenda kawaulize wazee. Wakikataa, umejibiwa.

Mwisho, piga hesabu kabla ya kuchora

Wahusika 3, kila mmoja mavazi 3 na nyuso 8: ukichora kila picha peke yake ni 3 × 3 × 8 = picha 72. Ukichora mwili na uso kama tabaka mbili zinazowekwa juu ya nyingine, ni 3 × (3 + 8) = 33, na bado unapata mchanganyiko wote 72. Umeokoa zaidi ya nusu ya kazi. Muda uliobaki upeleke kwenye nyuso, maana huko ndiko msomaji anakotazama.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya mwanzo. Mfunike mtu wako kwa weusi, mpunguze, mweke juu ya udongo mwekundu, kisha juu ya ukungu wa Shengena. Muulize anakingwa na nini, nani alimshonea, na nani anamfulia. Akiwa na majibu, anayo kesho yake. Akiwa hana, futa uanze upya. Penseli haina gharama.